Nota zisiingie kabatini

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Sisi huku wazima, hatuna baya. Natumaini kifua kimekuachia na mama yu salama. Mpe shikamoo zangu. Kimya kimekuwa kirefu mno kati yetu na habari za kupeana zimejaa tele, ila leo zote nazisogeza kando, kwa sababu Zawadi amenipigia simu.

Ameniambia yote. Jinsi kwarteti yako, kile kipande cha wapigaji wanne, ilivyoanza vizuri, jinsi fidla ya pili ilivyopotea ukurasa wa tatu, jinsi selo ilivyojaribu kumngoja na hapo ndipo kila kitu kikamwagika. Ukasimama mwishoni, ukapokea makofi ya kazi ambayo waliopiga makofi hawakupata kuisikia. Kisha akaniambia ulilolisema mkiwa mlangoni: kwamba umemaliza, nota zinaingia kabatini, na ukitunga tena utatunga vitu vyepesi ambavyo hata mtu aliyekuja bila mazoezi hawezi kuviharibu.

Neema, hilo la mwisho ndilo limeninyima usingizi. Kuacha kunaweza kuwa hasira ya siku mbili tatu, ikapita. Lakini kukaa chini kwa makusudi na kuupunguza muziki wako mpaka utoshe kwa mtu asiyejitayarisha, hapo sikubaliani nawe, na nitakuambia kwa nini hata kama utakasirika.

Unamkumbuka Conlon Nancarrow, yule mtunzi Mmarekani? Mwalimu alitupigia kipande chake mwishoni mwa somo, nusu ya darasa wakacheka wakidhani kanda imeongezwa kasi. Wewe hukucheka. Ulimfuata mwalimu mpaka nje ukimwuliza ni mikono mingapi ile. Sasa baada ya simu ya Zawadi nimerudi kuzisoma habari za mtu yule na kumsikiliza upya, maana lililokupata wewe ndilo lililompata yeye.

Mwaka 1940 alitunga septeti. Ala saba, mwendo mkali, midundo inapishana kila mahali. Ikapigwa New York, katika onyesho la chama cha watunzi, mahali ambapo mtunzi kijana angeombea apate nafasi. Lakini wapigaji wote saba hawakuwahi kukaa pamoja katika zoezi hata moja. Mara wamekuja hawa, mara wamekuja wale. Siku ya siku ikafika, muziki ukaanza, na mapema tu baadhi yao wakapotea njia wasiipate tena mpaka mwisho. Hajatimiza hata miaka 30, na kazi yake imezikwa mbele ya macho yake na watu waliopaswa kuileta duniani. Nilipofika hapo nikakuona wewe umesimama ukumbini.

Wala hakuwa mtu wa kutishwa na mambo madogo. Alizaliwa Texarkana, jimbo la Arkansas, mwaka 1912, baba yake akawa meya wa mji. Alipiga tarumbeta, akaupenda jazi kabla ya kitu kingine chochote, kisha akaenda Boston kusoma kwa watu wazito: Roger Sessions, Walter Piston, Nicolas Slonimsky. Mwaka 1937 akaacha vyote, akaenda Hispania kupigana na majeshi ya jenerali Franco katika ile brigedi ya Wamarekani wa kujitolea. Slonimsky ndiye aliyehakikisha vipande vyake vinachapishwa wakati mwenyewe yuko vitani. Aliporudi 1939, nchi yake haikumtaka. Alikuwa mkomunisti na hakuficha, wakamnyima pasipoti. Mwaka 1940 akavuka kwenda Mexico, akakaa Mexico City, akachukua uraia wa huko miaka ya 1950, na huko ndiko alikofia mwaka 1997. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya kukaa mbali na kila mtu ambaye angeweza kukuelewa.

Basi aliifanyaje ile aibu ya septeti? Kuna kitabu cha mtunzi mwenzake Henry Cowell kilichochapwa 1930, kinachozungumzia namna mpya za kupanga sauti na midundo. Ndani yake Cowell anadokeza, kama kwa kupita tu, kwamba midundo iliyo migumu mno kwa mikono ya mtu ingeweza kutobolewa kwenye karatasi ya piano inayojipiga yenyewe. Watu wengi walikisoma kitabu hicho. Nancarrow peke yake ndiye aliyekichukua kidokezo kile akakifanya kuwa maisha yake yote. Mwaka 1947 alipata urithi, akaenda New York, akanunua piano ya aina hiyo na akatengenezewa mashine ya kutoboa karatasi, akarudi navyo Mexico. Na hakutafuta tena mpigaji kwa miaka mingi sana.

Acha nikueleze piano hiyo inavyofanya kazi, maana najua utapenda. Ndani yake kuna mivukuto inayovuta hewa. Mbele kuna kipande cha shaba chenye safu ya vitundu, kimoja kwa kila noti, na roli la karatasi linapita juu yake polepole. Karatasi ikiwa nzima, vitundu vimezibwa na hakuna kinachotokea. Tundu la karatasi likifika juu ya kitundu cha shaba, hewa inaingia ghafla, kijivukuto kidogo kinajikunja, na nyundo inagonga uzi. Ni hivyo tu. Kwa hiyo umbali kati ya tundu na tundu ndio wakati wenyewe. Ukitaka noti ichelewe, unalisogeza tundu mbali kidogo na lile lililolitangulia. Fikiria maana yake kwa mtunzi, Neema: wakati unakuwa kitu cha kupima kwa rula mezani.

Naye alipima kweli. Kwanza alichora vipimo vya mwendo kwenye karatasi, sauti kwa sauti, ndipo akakaa kwenye mashine akatoboa tundu moja moja kwa kushusha mkono wa chuma. Mashine ya mwanzo ilikuwa na meno yaliyomlazimisha kutoboa mahali maalumu tu. Akaibadilisha ili aweze kutoboa popote atakapo. Hata sauti ya piano hakuiacha ilivyokuwa. Alikuwa na piano mbili, na nyundo zake akaziongezea ngozi na chuma ili kila noti itoke kavu, yenye ukali, isifunikwe na jirani yake. Dakika chache za muziki zilimla miezi. Kwa namna hiyo akatengeneza vipande kiasi cha 50, na vingi akaviita kwa namba tu: Study No. 1, No. 2, akaendelea hivyo.

Narudi kwenye septeti, maana najikuta narudi hapo kila ninapomfikiria. Kilichonigusa ni kwamba baada ya siku ile alikuwa na njia mbili zilizo wazi, zilezile ulizozitaja wewe mlangoni: kuacha, au kurahisisha. Akazikataa zote mbili. Tena, badala ya kupunguza ugumu kidogo ili apate amani, aliuzidisha mpaka pale ambapo hata yeye hakuweza kujua utasikikaje mpaka roli liishe kutobolewa.

Sikiliza Study No. 21 leo usiku, tafadhali. Sauti mbili tu. Moja inaanza taratibu chini na inazidi kwenda mbio bila kupumzika mpaka mwisho. Nyingine inaanza mbio juu na inazidi kupungua. Mahali fulani katikati, kwa muda mfupi sana, zinakuwa na mwendo mmoja, halafu zinaachana. Hakuna hila nyingine. Lakini sikio linahangaika! Unajaribu kushika moja, nyingine inakuponyoka, unageuka kuifuata ile, hii imeshakuwa kitu kingine. Nimeirudia mara nyingi na bado siwezi kusema hasa ni wapi zinapokutana.

Kisha sikiliza No. 36. Hiyo ni kanoni ya sauti nne, wimbo mmoja kwa wote, ila miendo yao inahusiana kama 17, 18, 19 na 20. Ni kama wasafiri wanne wa njia moja: mwenye hatua fupi anatangulia, mwenye hatua ndefu anatoka mwisho. Kila mmoja anamkaribia aliye mbele, na katikati ya safari wote wanne wanakanyaga jiwe moja kwa sekunde moja. Baada ya hapo wenye kasi wanapita na masafa yanafunguka tena, safari hii kinyume. Ukiisikia mara ya kwanza unahisi kitu kinabana, kinabana, halafu kinaachia, na hujui sababu. Mimi nililia. Nakuambia wewe kwa sababu najua hutaniuliza mtu analiaje kwa ajili ya hesabu.

Na hapo nina ugomvi na wale wanaosema muziki wake ni baridi kwa kuwa ni wa mashine. Wamesikiliza nini? Vipande vyake vya mwanzo, hasa ile No. 3 yenye sehemu tano, vimejaa bluzi na bugi-wugi, ule mtindo wa piano wa kuchezesha watu. Ni kijana wa tarumbeta yuleyule anacheza, ila sasa ana vidole vingi kuliko binadamu yeyote. Kuna vingine vinanuka Hispania waziwazi. Katika No. 27 kuna mdundo wa katikati unaokwenda kama saa, haukimbii wala hauchelewi, na pembeni yake sauti nyingine zinaharakisha na kuchelewa, kila moja kwa kiwango chake. Bila saa ile tusingejua nani anakimbia. Na mwisho wa No. 25 zinamwagika noti 1,028 katika sekunde 12. Mtu akiniambia hayo ni baridi, basi hatuna lugha moja.

Lakini sitaki kukupambia maisha yake. Upweke ule ulikuwa mzito. Mwaka 1962 piano zake zilipelekwa Bellas Artes, ukumbi mkubwa wa Mexico City, akafanya onyesho. Waliokuja walikuwa wachache, na wengi wao marafiki ambao walikwisha kuvisikia vipande hivyo nyumbani kwake. Akazirudisha piano nyumbani, akaendelea kutoboa. Mtunzi John Cage alizipeleka baadhi ya kanda za Nancarrow kwa mcheza dansi Merce Cunningham, zikachezewa dansi miaka ya 1960. Mwaka 1969 ikatoka santuri moja Marekani, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mtunzi Charles Amirkhanian akaanza kurekodi zote palepale kwenye piano zenyewe. Kisha mwaka 1980 György Ligeti, naye wakati huo ni mtunzi mwenye jina kubwa Ulaya, akakutana na santuri hizo dukani Paris. Hakuwa amewahi kumjua. Akamwandikia Amirkhanian kwamba tangu watunzi Webern na Ives hajaona ugunduzi mkubwa namna hii, akaanza kumtangaza kila anakokwenda. Mwaka 1981 Nancarrow akakanyaga tena Marekani kwa mara ya kwanza tangu ile safari ya 1947. Mwaka 1982 akapewa tuzo ya MacArthur, dola 300,000. Alikuwa karibu na miaka 70.

Kuna jambo moja la wakati huo ambalo lazima nikuambie ingawa halihusu muziki moja kwa moja. Alipofikiria kurudi kuishi Marekani, alitakiwa atie saini kukiri kwamba alipokuwa mkomunisti alikuwa kijana mjinga tu. Akakataa. Akabaki Mexico. Nilipolisoma hilo nikaweka kitabu chini. Mtu aliyekataa kuisahihisha historia yake kwa saini moja, usitegemee angekubali kuisahihisha midundo yake kwa ajili ya mpigaji mvivu.

Sasa usinielewe vibaya. Sikuambii ununue mashine ukajifungie. Zawadi yeye ndivyo anavyoona: anasema siku hizi kompyuta inapiga chochote, Neema aandike kwenye programu amalize, watu atawakwepa. Sikubali. Wewe si mtu wa kukaa bila watu, na kwarteti ile nimeiona, imeandikwa kwa ajili ya pumzi za watu wanne wanaotazamana. Tena hata Nancarrow mwenyewe hakuishia kwenye mashine, na hili ndilo nililotaka kulifikia tangu nilipoanza barua. Mwaka 1987 aliandika kwarteti yake ya tatu ya nyuzi kwa ajili ya kundi la Arditti, na ndani yake sauti nne zinakwenda kwa uwiano wa 3, 4, 5 na 6. Binadamu wanne, fidla mbili, viola na selo. Wakaketi, wakajifunza, wakaipiga. Baadaye kidogo akamwandikia mpiga piano Ursula Oppens kanoni mbili. Yaani baada ya miaka yote ile ya kutoboa, watu walikuja wakiwa na mikono na uvumilivu wa kutosha, naye akawafungulia mlango.

Unaona ninapoelekea? Ukurasa wako wa tatu, ule uliomshinda fidla ya pili, ni tano dhidi ya nne: mmoja anapiga mara tano katika muda ambao mwenzake anapiga mara nne. Neema, tano dhidi ya nne! Arditti walishika miendo minne kwa pamoja, tena kwa sauti zisizolingana. Ukurasa wako unapigika kabisa. Haukufanyiwa mazoezi, basi. Zawadi mwenyewe amekiri kwamba mliketi pamoja mara moja tu, na mpiga viola alichelewa. Na wewe unataka kujihukumu kwa hilo?

Naomba hisani moja, na usinikatalie. Nitumie nota zote nne, za kila ala, pamoja na ile yenye sauti zote. Usinitumie picha za simu zilizopinda, nataka kusoma vidole vilivyoandikwa kwa penseli. Nimeshaongea na Idi. Anasema selo yake iko tayari na anakumbuka jinsi ulivyokuwa ukimkaripia kwa kuharakisha, kwa hiyo safari hii atahesabu kwa sauti ikibidi. Dada yake bado anapiga fidla, na amepona mkono. Tunakosa mpiga viola tu, na nadhani sote tunajua nani wa kumwomba, ikiwa yale mambo yenu yamekwisha. Tutaanza na ukurasa wa tatu pekee, polepole kabisa, mpaka kila mtu amsikie mwenzake.

Sasa nijibu. Fidla ya pili alikuja kukuomba radhi, au ndiyo kimya? Ule mwisho wa kwarteti, noti ile moja ya viola inayobaki peke yake, uliibadilisha au bado ipo? Mwalimu alikuwepo ukumbini? Alisema nini, au alitikisa kichwa tu kama kawaida yake? Na kile kipande cha piano ulichonitajia mwaka jana, cha mikono minne, ulikifikisha wapi? Je, uko tayari kuja sisi tukifanya mazoezi, au unataka kwanza tukurekodie? Na mambo yako na mpiga viola, yamekwisha kweli? Niambie kweli, ili nijue kama nimpigie mimi au umpigie wewe.

Nota zije kwanza, maelezo yatafuata.

Rafiki yako akupendaye,
Tabu